Deki Iliyoondoa Mvua

Edina na Hamisi, wanangu wa kazini,

Mmenipigia simu na swali fupi: mmeruhusiwa kununua deki moja ya kaseti kwa ajili ya kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta, je, mchukue ipi? Kama mlitaka jibu fupi mngemuuliza mtu mwingine. Mimi nimestaafu. Nina saa ya ukutani mliyonizawadia na sina pa kuwahi, kwa hiyo nitawajibu kwa urefu wake, na nitaanzia mbali.

Baba yangu alikuwa fundi wa vyerehani hapa Tabora, mtaa wa Gongoni. Nilikulia kwenye baraza lililojaa mashine za watu, na kabla sijajua kusoma nilikuwa naweza kusikia beliti iliyolegea mteja akiwa bado anaijaribu mashine yake kwa mguu. Sikujua kwamba huo ni ujuzi. Nilidhani kila mtu anasikia hivyo. Nilipoletwa kwenye kituo chetu cha kurekodi vipindi nikiwa binti wa kuandika majina kwenye maganda ya kaseti, aliyekuwa fundi mitambo ni Mzee Pius, mtu mwembamba aliyenuka spiriti ya kusafishia hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na mkali kwa vumbi kuliko kwa binadamu.

Siku ya kwanza hakunionyesha kitufe hata kimoja. Aliniweka mbele ya deki kubwa ya chuma, akaiwasha bila kaseti ndani, akaniambia nisikilize, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi aliniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia mota, na kitu kingine kinachokwaruza upande wa kushoto kila kinapomaliza mzunguko.

“Mtoto wa nani wewe?” aliuliza.

Nikamtajia baba.

“Ahaa. Ndiyo maana.”

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kesho yake jina langu lilihama kutoka kwenye meza ya maganda kwenda kwenye meza ya mafundi, na kalamu yangu akapewa mwingine.

Wakati ule kituo kilikuwa kinarekodi. Tulizunguka vijijini na mashine begani, tukanasa vipindi vya kilimo cha tumbaku, masomo ya watu wazima, ngoma, kwaya, na wazee wakisimulia habari za wapagazi walivyopita hapa kwenda pwani na kurudi. Baadaye dunia ikahamia kwenye kompyuta, na sisi tukabaki na makabati yaliyojaa kaseti. Ndipo kazi yetu ikageuka. Tukaacha kunasa sauti mpya, tukaanza kuziokoa za zamani kabla mkanda haujaoza. Habari zikasambaa, watu nao wakaanza kutuletea za kwao za nyumbani. Ninyi mmeikuta kazi katika hali hiyo, na mnaweza kudhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Sasa deki. Kwanza, msidanganywe na taa. Deki yenye milango miwili na taa za kucheza kama disko ilitengenezwa kwa watu wa kurudufu muziki, si kwa watu wa kusikiliza. Mota moja inahudumia nyumba mbili, na mwanamume mwenye nyumba mbili mnajua anavyochoka. Ile inayogeuza upande yenyewe nayo iacheni. Hedi yake huzunguka na kurudi, na kila ikirudi hailali palepale. Tafuteni yenye mlango mmoja, ya chuma, yenye hedi ya kupigia peke yake mbali na ya kurekodia. Iwe nzito. Ukiinyanyua mgongo ukakuuliza unakwenda nayo wapi, ujue ndani kuna kitu.

Muuzaji atawaambia haijatumika kabisa, ilikaa tu sebuleni kwa Mzungu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwambieni afungue mfuniko. Pitisheni ukucha taratibu kwenye uso wa hedi. Ukikwama kwenye mfereji, hedi imeliwa, rudisheni mfuniko na mumshukuru. Rola ya mpira iwe nyeusi iliyofifia. Ikiwa inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, imekuwa ngumu na itauburuza mkanda. Beliti isiwatishe. Hedi ikiisha deki imekwisha, lakini beliti ikikatika mmepata pa kuanzia kupatana bei.

Mwisho, chukueni ile kaseti ya majaribio ya Mzee Pius iliyoko kwenye droo yangu, ambayo sasa ni droo ya Hamisi. Ina kinanda cha kanisani kimeshikilia noti moja mpaka unashikwa na hasira. Noti hiyo ikitulia, deki ni nzima. Ikiyumba kama mtu anayetoka kilabuni, iacheni dukani hata kama inapendeza.

Ile deki mnayoiita Bibi niliichagua hivyo, Kariakoo, kati ya tatu zilizokuwa kwenye duka moja. Mbili zilikuwa nzuri kwa macho. Bibi alikuwa amekwaruzika ubavuni na kitufe chake cha kusimamisha kilikuwa kimepotea, lakini noti ya kinanda ilisimama wima. Nilirudi naye kwa treni, nimemfunga kwenye blanketi na kumpakata njia nzima ili asitikisike. Karibu na Dodoma abiria wa pembeni yangu aliniuliza kwa huruma mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia huyu hanyonyi. Hakuniuliza tena kitu mpaka Tabora.

Kuhusu kasi, hakikisheni deki ina kitufe cha kuiongeza na kuipunguza. Wengi huona ni urembo. Siku moja kwaya ya Ulyankulu ilituletea kaseti waliyoirekodi wenyewe zamani, na kila tulipoipiga, sauti za wanawake watu wazima zilitoka kama za watoto wa chekechea. Walipoirekodi betri za redio zilikuwa zinakata roho, mkanda ukaenda polepole, na deki yetu nzima ikaupiga kwa mwendo wake wa haki. Tulishusha kasi kidogo kidogo mpaka mwalimu wao wa kwaya, mama mmoja mpole, alipofunga macho na kusema, “Hapo. Hapo ndipo tulipoimbia.” Mkiletewa kaseti msikimbilie kuirekebisha kwenye kompyuta. Mwekeni kwenye kiti mtu aliyekuwepo, mumtazame uso.

Nyingine ilitoka kwa mrina asali aliyeitunza ndani ya kopo alilokuwa akiwekea nta. Siafu waliipenda kuliko sisi. Tuliufungua ule mkanda kwa vibano vya nyusi, tukausafisha kipande kwa kipande, na tulipofika mwisho tukakuta ni mpira wa miguu uliotangazwa redioni. Yule mzee alifurahi mno. Timu yake ilikuwa imeshinda.

Mzee Pius alikwishastaafu wakati huo, akarudi kijijini kwao kufuga nyuki. Kitu cha mwisho alichonifundisha ni ile skrubu ndogo iliyo pembeni mwa hedi. Kila redio kaseti iliyorekodi mkanda ilikuwa na hedi yake, na kila hedi ilikaa kwa mlalo wake, mwingine umeinama kidogo huku, mwingine kule. Ukiupiga mkanda kwenye deki ambayo hedi yake imelala tofauti, sauti nyembamba zote zinapotea. Herufi zinakufa, watu wa nyuma wanayeyuka, unabaki na mvumo. Kwa hiyo unaizungusha ile skrubu kwa bisibisi ndogo, nywele kwa nywele, huku umevaa spika za masikioni, mpaka sauti ifunguke. Ukimaliza unairudisha pale ilipokuwa na kuitia tone la rangi ya kucha isihame. Deki ambayo skrubu yake haifikiki mpaka uing'oe uso, msinunue. Hilo ndilo sharti langu kubwa kuliko yote, na sababu yake ni Milembe.

Milembe alikuja asubuhi moja ya kiangazi kutoka Kwihara, mwanamke wa makamo, mkulima wa mahindi na karanga. Kaseti yake ilikuwa imefungwa ndani ya leso, na leso ndani ya kopo la maziwa. Juu yake paliandikwa kwa kalamu ya wino: Sauti ya Mzee Kapaya.

“Shikamoo, Bi Tausi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha. Mzee Kapaya alikuwa baba yake. Alifariki Milembe akiwa bado wa kubebwa mgongoni, hakuacha picha hata moja, ila kaseti hii, iliyorekodiwa na binamu mmoja aliyekuwa na redio. Binamu naye alihamia Mpanda, akafia huko. Mama yake ndiye aliyeitunza. Jioni za mvua alikuwa akiipiga kwenye redio ya nyumbani na kumwambia, huyo ndiye baba yako. Sasa mama hayupo, redio imekufa, na kijana wake wa kwanza anaoa.

“Nataka siku ya harusi wazee wakimaliza kutoa nasaha, na babu yake asikike,” alisema. “Asikike hata dakika moja. Mimi baba yangu namjua kwa masikio tu. Sina kingine.”

Nilimuuliza kilichomo ili nijue natafuta nini. Akanieleza bila kufikiri, kama mtu anayesoma sala. Baba anakohoa mara mbili, anasafisha koo. Kisha anauliza nani amekalia kiti chake. Anasema yeye hajaondoka, bado ana mambo yake hapa, walete ugali na uwe wa moto. Nje mvua inanyesha sana juu ya bati. Milembe akiisikiliza huwa anawaona wote wamejikusanya ndani, mama anapika, baba anatania watu wa nyumba yake, na binamu ameficha redio nyuma ya mlango.

Nilimwambia aje tena baada ya siku chache. Nikaitia kaseti kwenye Bibi.

Mwanzoni ilikuwa kama alivyosema. Kikohozi, sauti nzito ya mwanamume, mvua nyingi. Lakini hedi ilikuwa haijakubaliana na mkanda, hilo lilisikika wazi, kwa hiyo nikachukua bisibisi. Nilizungusha kidogo, mvua ikapungua. Nikazungusha tena. Mvua ikaanza kuwa na meno. Nikadhani nakosea, nikarudi nyuma, nikaenda mbele tena polepole zaidi, na mahali fulani pembamba sana sauti ikafunguka yote kwa mara moja. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na watu wengi wanacheka, na majembe yanaparuza udongo, na udongo unaanguka. Ile sauti ya mwanamume ilikuwa inatoka chini, mahali palipofunikwa. Na karibu kabisa na redio mwanamke mmoja akasema, huku akijizuia kucheka, “Mtani, toka humo bwana. Jua linatuua.”

Nilivua spika za masikioni nikaziweka mezani.

Ninyi ni watu wa hapa, hakuna haja ya kuwafundisha utani. Mnyamwezi akifa Wagogo wanakuja, Mgogo akifa Wanyamwezi wanakwenda, tangu enzi za mizigo ya kichwani, watu walipokuwa wanapita nchi za wenzao na kuhitaji kutukanana ili wasipigane. Mtani anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye. Anaingia kaburini na kulala, anasema hatoki mpaka apewe jogoo. Wafiwa wanacheka wakati hawataki kucheka, na hiyo ndiyo dawa. Aliyekuwa akiuliza nani amekalia kiti chake hakuwa Mzee Kapaya. Mzee Kapaya alikuwa pembeni, ndani ya sanda, anangoja mtani wake ampishe.

Nilikaa na jambo lile. Kumpa kaseti ilivyokuwa ilikuwa rahisi. Ningeirudisha skrubu, mvua ingerudi, angenishukuru na kwenda zake. Lakini harusini wangekuwepo wazee waliosimama kwenye kaburi lile wakiwa vijana. Wangeitambua sauti kabla ya kikohozi cha pili, na Milembe angeyajua akiwa amesimama mbele ya wakwe zake. Nilimuonea huruma sana, na nilikasirika pia. Nilimkasirikia mama yake, kisha nikajiuliza mimi ningefanya nini na mtoto anayeuliza kila siku baba alikuwaje, na kwenye kopo nina kaseti moja tu. Hasira ikapoa.

Aliporudi nilifunga mlango, nikamvalisha spika za masikioni kwa mikono yangu, nikabonyeza. Nilitaka aisikie mwenyewe kabla sijamwambia neno. Alitabasamu kwenye kikohozi. Kisha akakunja uso, akaondoa sikio moja.

“Bi Tausi, mvua imekwenda wapi?”

“Haikuwa mvua, mwanangu. Endelea.”

Akaendelea. Nilimtazama mpaka mwanamke yule aliposema juu ya jua. Milembe hakulia. Aliweka mikono juu ya mapaja, akaniomba nirudishe nyuma, akasikiliza tena, na mara ya tatu akanyoosha kidole mwenyewe akaizima.

“Ni kaburi la baba hilo?”

“Nadhani ndilo.”

“Na huyu ni nani?”

“Mtani wenu. Sijui ni nani.”

“Basi nirudishie mvua,” alisema. “Unaweza?”

Nilimwambia ninaweza, ni skrubu tu. Nikamwambia pia habari ya wazee wa harusini, kwa sababu asingeambiwa na mimi angeambiwa na vicheko vyao. Alisimama, akafunga kopo lake tupu kwa leso, akaondoka. Kaseti aliiacha ndani ya deki. Nilimfuata mpaka barabarani lakini alikuwa amekwishapanda bodaboda. Hamisi, wewe ndiye uliyeniuliza siku ile kwa nini sijala chakula cha mchana. Sababu ndiyo hiyo.

Nilidhani sitamwona tena. Lakini alirudi, na safari hii hakukaa ukingoni mwa kiti.

“Nimewauliza wazee wa Kwihara,” alisema. “Wamecheka mpaka machozi. Mgogo huyo anaitwa Ndahani. Alikuwa anapakua mizigo na baba hapo stesheni. Yuko hai, anakaa Isevya. Nakwenda kumuuliza alipata wapi ubavu wa kulala kwenye kaburi la baba yangu, na kunidanganya maisha yangu yote. Twende wote. Wewe ndiye uliyeniondolea mvua.”

Nikaona ni haki. Nikatia kinasa sauti kidogo mkobani, kwa mazoea tu, tukachukua bajaji.

Mzee Ndahani tulimkuta uani kwake amekaa kwenye kigoda, anasuka kamba ya kitanda. Mzee sana, mwembamba, macho yenye ukungu lakini ulimi mzima. Tulimwamkia. Akauliza sisi ni watu wa wapi. Milembe akamjibu kwa ufupi: Mnyamwezi wa Kwihara. Mzee akageuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba.

“Mke wangu, ficha sufuria. Wapagazi wamefika, na leo wamekuja na wanawake.”

“Sikuja kutaniana,” Milembe alisema. “Mimi ni mtoto wa Kapaya.”

Kamba ilisimama mikononi mwake.

“Kapaya wa stesheni?”

“Huyo. Uliyelala kwenye kaburi lake.”

“Nililala,” Mzee Ndahani alisema. “Lilikuwa fupi. Baba yako alikuwa mrefu, na ninyi Wanyamwezi kwa uvivu mlitaka kumkunja kama shuka. Niliwaambia sitoki mpaka waongeze kichwani. Wakaongeza. Na jogoo walinipa mwembamba, mpaka leo nawadai.”

Nilimwona Milembe anatafuta hasira yake na haioni. Mtani hagombwi. Hata ukimtukana umemfurahisha. Alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote: kaseti, mama yake, mvua, harusi. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipofikishwa kwenye habari ya mama kuipiga kaseti jioni za mvua, aliacha kutabasamu.

“Mama yako alikuwepo pale,” alisema. “Alicheka. Alikuwa hajala tangu msiba uingie. Niliposema ugali uwe wa moto alicheka, kisha akalia, kisha wakamlisha uji. Mimi nilimwona kutoka shimoni. Sikujua kama kuna redio.”

Milembe alikuwa akivuta vuta uzi wa mkeka.

“Alikuwa anaongea hivyo kweli? Au ulikuwa unajifanyia tu ili watu wacheke?”

“Sikiliza, binti. Mimi na baba yako tulitukanana kila siku ya Mungu, kuanzia gunia la kwanza mpaka la mwisho. Mtu unayemtukana kila siku unaijua sauti yake kuliko ya mkeo. Ningekosea hata kidogo watu wasingecheka. Wangenitoa mle kwa mawe. Kwenye harusi ya mjukuu wake nitakuja. Msiniite, nitakuja. Na bila jogoo mnene bwana harusi haingii ndani.”

“Njoo,” Milembe alisema.

Niliona anataka kuuliza kitu na anaogopa jibu lake. Hatimaye akauliza, kwa sauti ndogo isiyolingana na umri wake, kama baba yake aliwahi kumtaja.

Mzee Ndahani aliweka kamba chini. Aligeuza uso wake wenye ukungu upande ilikotoka sauti ya Milembe, akakohoa mara mbili, akasafisha koo. Aliyezungumza baada ya hapo sikumjua. Sauti ilikuwa nzito, ya kifuani, ya mtu mrefu ambaye ndiyo kwanza ameteremka kwenye baiskeli, amefika kazini na hajali wenzake watasema nini.

“Milembe kanikojolea tena shati. Na ndilo hilihili nimelivaa, sibadilishi. Acheni linuke mtoto.”

Milembe alijifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa nimekwishatoa kinasa sauti mkobani, kidole kiko juu ya kitufe, nikamtazama ili nipate ruhusa. Akanishika mkono.

“Bado, Bi Tausi. Hii kwanza niisikie mimi.” Akasogea mpaka magoti yake yakagusana na kigoda cha mzee. “Rudia.”

Mzee Ndahani akasafisha koo, akarudia.